Jinsi ya kujua pombe inaufanya nini moyo wako, we mwenyewe, bila kubishana na mtu

Mada ya pombe na moyo ikianza watu wanagawanyika hapo hapo, huyu anakwambia glasi ya wain nyekundu kila siku ni dawa, yule anakwambia tone moja tu umeisha, afu wanabishana mpaka bia zinapata moto na hakuna hata mmoja aliyepima presha. Mi naona ubishi huo haumsaidii mnywaji wa kawaida, kwa sababu sehemu kubwa ya yale ambayo pombe inaufanyia moyo inapimika, tena kwa vitu vya kawaida kabisa, mashine ya presha, vidole vyako viwili, daftari, na kama wiki sita hivi za kutojidanganya. Ukimaliza utakuwa na majibu yako wewe, sio ya shemeji anayekunywa miaka yote na "hajawahi kuumwa hata kichwa".

Ila kabla hujaendelea: kama unakunywa kila siku na ukiamka mikono inatetemeka mpaka uzimue kidogo ndo utulie, nenda kasome kwanza pale chini nilipoandika kuhusu kuacha ghafla, maana njia yako ni tofauti na ya wengine.

Tulimalize kwanza la wain

Stori hii ina mwanzo wake. Mtafiti mmoja wa Ufaransa, Serge Renaud, alionekana kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1991, na mwaka 1992 akaandika kwenye jarida la The Lancet kwamba Wafaransa wanakula mafuta mengi ya wanyama lakini hawafi sana na magonjwa ya moyo, na akaona wain inaweza kuwa ndo inawakinga. Watu wakafurahi bwana, nani asifurahi. Shida ikaja kuonekana baadaye kwenye tafiti za kulinganisha wanaokunywa kidogo na wasiokunywa kabisa, kumbe mle kwenye wasiokunywa kulikuwa na watu wengi walioacha pombe kwa sababu tayari wanaumwa, sasa ukimpanga mtu mwenye afya yake anayekunywa glasi moja pembeni ya mtu aliyeacha kwa sababu moyo ushachoka, lazima wa glasi moja aonekane shujaa.

Ndo maana baadaye wakaanza kuangalia vinasaba. Watu wengi wa Asia Mashariki wamezaliwa na kinasaba kinachofanya pombe iwachukize, wakinywa uso unakuwa mwekundu, moyo unaenda mbio, kichefuchefu, kwa hiyo maisha yao yote wanakunywa kidogo au hawanywi, wawe matajiri wawe maskini, wawe wazima wawe wagonjwa. Mwaka 2019 The Lancet wakatoa matokeo ya mradi uliofuatilia Wachina kama laki tano, na walipopima kwa kutumia hivyo vinasaba ile kinga ya "kidogo kidogo" dhidi ya kiharusi haikuonekana, presha na kiharusi vilikuwa vinapanda kadri pombe inavyopanda, basi. Haki yao wapenzi wa wain niwape pia: kuna uchambuzi mkubwa wa 2018 wa wanywaji karibu laki sita kutoka nchi 19 tajiri, ambao mshtuko wa moyo ulionekana kupungua kidogo kwa waliokunywa zaidi, lakini kwenye uchambuzi huo huo kiharusi, moyo kufeli na vifo vya presha vilipanda, na hatari ya kufa kwa ujumla ilianza kupanda mtu akipita gramu 100 hivi kwa wiki. Kwa hiyo unapunguza hapa unaongeza pale, na pale ni pazito zaidi. Mtu asiyekunywa hana sababu yoyote ya kuanza kwa ajili ya moyo wake, hilo limeisha.

Hesabu gramu, achana na chupa

Hapo juu nimetaja gramu 100 na najua wengi wamepita tu. Rudi. Ukimuuliza mtu anakunywa kiasi gani atakwambia "mbili tatu tu", na mbili tatu za nini hasemi, chupa ndogo, chupa kubwa, glasi ya kujimiminia mwenyewe mpaka ukingoni? Moyo wako haujui chupa, unajua ethanoli, yaani kile kilevi chenyewe. Chukua chupa yako igeuze usome lebo, kuna namba mbili unazitafuta, ujazo kwa mililita na asilimia ya kilevi. Zidisha hizo mbili, gawanya kwa 100, afu zidisha kwa 0.8. Umepata gramu.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5: 500 mara 5 gawa kwa 100 ni 25, mara 0.8 ni gramu 20. Chupa ya wain ya 750 yenye asilimia 12 ni gramu 72. Pombe kali ya 750 yenye asilimia 40 ni gramu 240, yaani sawa na bia 12 za nusu lita, na kuna watu wawili wanaimaliza usiku mmoja wakiwa wamekaa tu wanapiga stori na kila mmoja anaamini hajanywa sana kwa sababu "glasi zilikuwa ndogo".

Sasa ile gramu 100 kwa wiki ni bia tano za nusu lita. Kwa wiki nzima, sio kwa Jumamosi. Uingereza tangu 2016 wanasema mtu asizidishe yuniti 14 kwa wiki, mwanaume na mwanamke sawa, na yuniti yao moja ni gramu 8 kwa hiyo inakuja 112, karibu pale pale, na wanasisitiza zigawanywe kwenye siku tatu au zaidi. Kanada mwaka 2023 wakabana zaidi, wakasema hatari inakuwa ndogo kwa vinywaji viwili tu kwa wiki. Shirika la Afya Duniani nao mwanzoni mwa 2023 wakasema hakuna kiwango kisicho na hatari kwa afya, hapo saratani ndo imewasukuma zaidi. We andika tu gramu zako kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote, andika pale pale unapokunywa kwa simu, usisubiri kesho maana kesho utasahau zile za mwisho, na za mwisho ndo nyingi. Wanawake waongeze umakini hapa, kwa kipimo kile kile pombe kwenye damu yao inapanda zaidi kwa sababu mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache ya kuisambaza.

Presha, hapa ndo penyewe

Ukiniuliza mimi, watu wanaogopa vitu vya ajabu ajabu kuhusu pombe na moyo wakati kitu kinachowamaliza wengi zaidi ni presha, na presha haiumi. Pombe ina ujanja wake hapa: masaa ya kwanza baada ya kunywa kingi presha inaweza hata kushuka, mishipa imetanuka, uso una joto, mtu anajisikia vizuri, akipima usiku ule anaona namba nzuri anajipongeza. Afu baada ya masaa kama 12 hivi inageuka inapanda juu ya ile ya kawaida yake. Kwa hiyo anayekunywa kila jioni anakuwa mchana wote yuko kwenye upande wa kupanda na hajui.

Sasa namna ya kupima, maana watu wengi wanapima vibaya wanapata namba za uongo. Nunua au azima mashine ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko, za kwenye kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, kojoa kabisa. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, miguu yote chini usikunje nne, kaa kimya dakika tano, na ukisema kimya ni kimya kweli, hata simu weka mbali. Mkono uweke juu ya meza ili ile kanda iwe usawa wa moyo, kanda ivae kwenye ngozi sio juu ya shati. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote. Fanya hivo asubuhi kabla ya kula na kabla ya dawa kama unatumia, na jioni kabla ya kinywaji cha kwanza, siku saba mfululizo. Siku ya kwanza itupe kwa sababu mtu anakuwa na wasiwasi na mashine, zilizobaki tafuta wastani. Za nyumbani zikikaa kwenye 135 kwa 85 kwenda juu ujue una kesi ya kumpelekea daktari, na kwa kipimo cha hospitali mstari ni 140 kwa 90.

Pembeni ya kila namba andika gramu za jana yake. Usifanye hesabu yoyote bado, we andika tu.

Habari njema ni kwamba hili ndo eneo ambalo mwili unasamehe haraka. Uchambuzi mmoja wa 2017 ulikusanya majaribio ya kupunguza pombe, na wale waliokuwa wanakunywa zaidi ya vinywaji sita kwa siku walipopunguza kama nusu, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 5.5 na ya chini kama 4. Inaonekana ndogo, ila kuna watu wanameza kidonge kila siku kupata kushuka kwa namna hiyo.

Mapigo

Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, usitumie dole gumba kupimia maana lenyewe lina mapigo yake utachanganyikiwa. Hesabu dakika nzima. Sio sekunde 15 mara nne, dakika nzima, kwa sababu tunatafuta vitu viwili, idadi na mpangilio. Mtu mzima akiwa ametulia anakuwa kati ya 60 na 100. Kwa mpangilio gonga mguu chini ukifuatisha mapigo, kama mguu unaweza kufuata bila kubahatisha uko sawa, likiruka moja moja mara chache wengi tunalo hilo, lakini kama mguu unashindwa kabisa, mara mawili ya haraka, kimya, moja, matatu, hakuna wimbo wowote, hiyo inaweza kuwa ule ugonjwa wa vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kubana, na hapo kipimo cha ECG, kile cha umeme wa moyo, ndo kinatoa jibu.

Hii ya kutetemeka ndo mnywaji wa wikiendi anatakiwa aijue. Mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake Marekani waliandika kuhusu watu waliokuwa wanaletwa hospitali mapigo yamevurugika baada ya wikiendi na sikukuu, wengi hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana, wakauita ugonjwa wa moyo wa sikukuu. Mwaka 2015 madaktari wa Munich wakaenda kwenye tamasha la bia la Oktoberfest na vipimo vya ECG vya kwenye simu wakapima watu zaidi ya 3,000 pale pale, karibu asilimia 30 walikuwa na mapigo yasiyo ya kawaida, mengi yao ni moyo kwenda mbio tu, lakini kadri pombe ya kwenye pumzi ilivyokuwa juu ndo na mapigo yalivyozidi kuvurugika. Sababu ziko nyingi kwa mpigo, pombe na ile asetaldehaidi inayotokana nayo zinasumbua umeme wa moyo, adrenalini inapanda, unakojoa sana unapoteza maji na madini ya potasiamu na magnesiamu, usingizi wenyewe mbovu, mkoromo unazidi hewa inakata kata.

Na ubaya sio kudunda tu. Vyumba visipobana damu inatuama, ikituama inaganda, bonge likichomoka likapanda kichwani ni kiharusi. Mtu mwenye tatizo hili hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya asiye nalo. Kwa upande wa pili, utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2020 ulichukua wanywaji 140 wenye ugonjwa huu, nusu wakaambiwa waache, nusu waendelee, na ndani ya miezi sita tatizo likajirudia kwa asilimia 53 ya walioacha dhidi ya 73 ya walioendelea. Kwa kuacha kinywaji tu.

Hata kama huna tatizo lolote, pima mapigo yako asubuhi ya baada ya kunywa na asubuhi ya kawaida, au kama una saa inayopima usiku angalia namba za usiku ule. Wengi wanakuta moyo haukupumzika kabisa, mtu kalala masaa nane moyo umefanya kazi kama alikuwa anatembea.

Misuli yenyewe

Hili halipimiki nyumbani. Mtu akinywa kama gramu 80 na zaidi kila siku, ambazo ni bia nne za nusu lita, kwa miaka mitano au zaidi, misuli ya moyo inaweza kuanza kuchoka na moyo unatanuka, kama lastiki ya bukta iliyovutwa mpaka ikalegea, upo ila haubani. Wajerumani walishaliona zamani, Otto Bollinger wa Munich aliandika habari za "moyo wa bia" mwaka 1884. Dalili zake watu wanaziita uzee au unene: unapanda ngazi unahema, usiku huwezi kulala chali bila mito miwili mitatu, jioni soksi zinaacha alama ya shimo mguuni, uzito unapanda ghafla kwa siku chache tu (hayo ni maji). Ukiona hayo omba kipimo cha eko ya moyo, yaani ultrasound ya moyo. Wakiwahi wakaacha kabisa, wapo ambao moyo unarudi kufanya kazi vizuri.

Mwezi wa majaribio

Baada ya zile wiki mbili za kuandika, nyingine nne usinywe. Usipunguze, usinywe, kwa sababu ukipunguza utabishana na daftari. Hapo nazungumza na asiye na utegemezi. Wiki ya mwisho rudia presha siku saba kwa utaratibu ule ule, mkono ule ule, saa zile zile, weka wastani wa mwanzo na wa mwisho pembeni ya mwenzake. Usibadilishe vitu vingine kumi kwa wakati mmoja, ukianza na mazoezi na kuacha chumvi siku hiyo hiyo hutojua kilichosaidia ni kipi, ingawa sitakukataza.

Kama imeshuka, umeshajua sehemu ya presha yako inatoka kwenye glasi. Kama haijashuka na iko juu bado, ina chanzo kingine na kinahitaji daktari, kwa hiyo napo umepata kitu. Na kama umeshindwa kumaliza wiki ya pili, hilo nalo liandike, usione aibu, daktari analihitaji kuliko namba zote.

Ukiamua kurudi kunywa, kibaya zaidi kwa moyo ni kulimbikiza. Gramu 100 za Jumamosi moja sio sawa na gramu 100 za wiki. Ini linasafisha kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi haiharakishi, kutapika kumechelewa. Na usichanganye na vinywaji vya kuongeza nguvu, vinakuficha ulevi wako unazidi kunywa huku moyo unasukumwa na kafeini.

Kuacha ghafla na dawa

Anayekunywa sana kila siku akikata ghafla mwili unalipuka: ndani ya masaa machache jasho, kutetemeka, moyo mbio, presha juu, degedege linaweza kuja kati ya saa 6 na 48, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo na kuchanganyikiwa, hiyo inaua. Huyu asijifungie chumbani na familia isimfungie kwa nia njema. Aende hospitali, kuna dawa za kumtuliza na vitamini B1 anapewa, vitamini hiyo wanywaji wengi wanaikosa na ikikosekana sana moyo wenyewe unafeli.

Kwenye dawa kuna tabia moja inanikera, mtu anasema "leo nakunywa kwa hiyo dawa ya presha naacha". Umefanya makosa mawili kwa mpigo. Kidonge cha presha kinamezwa kila siku, kinachorukwa ni kinywaji, na kama dawa yako inakupa kizunguzungu pombe itaongeza, unaweza kuanguka ukiinuka. Warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, ikikutana na pombe ugandaji wa damu unavurugika. Dawa za nguvu za kiume zinashusha presha, pombe inaongezea. Kokeini na pombe vikikutana ini linatengeneza sumu ya tatu, kokaethileni, na moyo ndo unaibeba. Muulize mfamasia kwa dawa yako kwa jina, usiulize kwa jumla jumla.

Na usisubiri mwezi wa majaribio ukiwa na haya: kifua kubana au kuwa kizito zaidi ya dakika chache, maumivu yakienda taya, bega au mkono, jasho la baridi, kuzimia, mapigo yamevurugika huku unahema, uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kukorogeka. Hilo la mwisho likitokea kwa mtu aliyekunywa wenzake husema kalewa, wanamlaza pembeni, na masaa ya kumwokoa yanapita. Mwambie acheke, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja nzima. Upande mmoja ukikataa, muwahisheni hospitali, na mkifika mwambieni daktari ukweli wa alichokunywa na saa aliyoanza kuwa hivyo.